Sinia la Mama na Sahani Mbili Nyeupe

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na kama kusahau kungeuzwa dukani, ningekuwa mteja wa kwanza asubuhi. Ilikuwa Guangzhou, huko China, miaka ya mwisho ya tisini, ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti. Saa nane ya mchana, wanaume wametoka msikitini, pilau iko tayari jikoni. Mimi nina miaka ishirini na saba, kisu chembamba mkononi, na kichwa kimenivimba.

Jana umenionyesha kwenye simu yako sahani za hiyo hoteli unayotaka kwenda kujifunza kazi. Wali umekaa katikati kama kofia, mchuzi umechorwa mstari. Ukaniambia, bibi, nifundishe kuchonga maua ya karoti, nasikia uliwahi kusomeshwa na Wachina. Nitakufundisha, karoti hazina haraka. Lakini kwanza iweke hiyo simu kifudifudi unisikilize, kwa sababu ufundi huo unaoutaka mimi ulinipotezea kaka wawili.

Hao kaka ni Haji na Masoud, tumbo moja na mimi. Haji ndiye mkubwa, alikuwa na duka la daftari na kalamu mjini Unguja. Masoud anamfuatia, yeye alikuwa Guangzhou, ananunua mali kwa wenye viwanda na kuisafirisha nyumbani. Baba yetu alipofariki, Masoud alikuwa bandarini Huangpu anapakia kontena. Maziko yetu unayajua, maiti haingoji ndege, na hilo hakuna aliyemlaumu. Lakini hitima ikasomwa hayupo. Arobaini ikafika hayupo, kila tukipiga simu anasema wiki ijayo. Siku ya arobaini Haji akasimama mbele ya watu waliokuja kula, akasema, "Baba yetu ameacha mtoto mmoja tu wa kiume, na ndiye huyu mnayemuona."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilifika China kabla ya barua, na tangu siku hiyo ndugu wale hawakusemezana. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ukaingia wa tatu. Watu wa mtaani walikuwa wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana tu. Mama alikuwa akiwajibu kuwa wanawe wamegombana mpaka shamba limeota magugu, na hakuna aliyerudi.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa mama na sanduku langu. Masoud akaniita Guangzhou nikamsaidie Bi Tatu, mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, aliyekuwa akiwapikia wafanyabiashara wetu wa Dar na Zanzibar. Migahawa ya Waislamu wa Kichina ilikuwepo, ila tambi asubuhi na tambi jioni humchosha mtu, kuna siku anautaka wali wake. Haji hakupenda niende. Aliniambia mbele ya mama, "Mwanamke ameachwa juzi, leo anakwenda kupikia wanaume ugenini. Utapata nini huko, Zuwena, zaidi ya moshi?" Neno lile nililifunga kwenye pindo la kanga nikasafiri nalo. Mwanangu, hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, si jikoni kama utakavyodhani baadaye. Lilianzia hapo kwenye pindo la kanga.

Chini ya jengo letu alikaa mzee mmoja anaitwa Liang. Sisi tukimwita shifu, ndivyo Wachina wanavyomwita fundi. Zamani alikuwa mkubwa wa meza ya vyakula baridi kwenye hoteli moja ya maana, sasa amestaafu, anakaa mlangoni na kigoda chake anachonga figili kwa kupitisha siku. Si figili hizi zetu za kachumbari. Zao ni nyeupe, nene, ndefu kama mkono wa mtoto. Mara ya kwanza kumuona nilikuwa nashuka kwenda mtaa wa Yide kununua samaki wakavu. Akaitia figili maji baridi mbele yangu, na zile petali alizozikata zikafunguka zenyewe. Nikasimama pale mpaka nikasahau nilichotumwa.

Alinifundisha miezi minne, kila baada ya chakula cha mchana, na malipo hakutaka. Alitaka nimsuuzie mboga na nimchekeshe kwa Kichina changu cha sokoni, ambacho kilikuwa kuuliza bei na kukataa bei, basi. Nilikwenda na kisu changu na ubao wangu, kwa sababu ya nguruwe, naye alilielewa hilo bila kuambiwa mara mbili. Mwezi wa kwanza hakunipa hata karoti. Nilipangusa ukingo wa sahani kwa kitambaa chenye maji, sahani baada ya sahani, na alama ya kidole ikibaki ananirudishia. Kisha akanifundisha kuacha nafasi, sahani isijae kama mzigo wa punda. Akanifundisha kupanga rangi, kukata tango likafunguka kama kipepeo, kuchonga ndege kwa figili na kumtilia macho ya pilipili manga.

Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulisamehe kamwe. Sahani ikishakamilika, kabla ya kumpelekea mtu, uzunguke meza, uvute kiti atakachokalia huyo mtu, ukae. Uangalie sahani kutokea pale. Kwao samaki mzima akiletwa mezani, kichwa chake huelekezwa kwa mgeni anayeheshimiwa, na mpishi akikosea upande amemtukana mtu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo lazima ujue nani anakaa wapi, na amekuja kufanya nini. Mimi nikiona ni mambo ya wazee. Nilikuwa nakaa kwa kuwa ananitazama, na akigeuka sikai.

Mwaka huo Haji akaja Guangzhou kununua bidhaa za duka lake, safari yake ya kwanza, wiki mbili. Hakufikia kwa Masoud, alifikia hotelini. Jumatano akapanda ngazi zetu zote tano, anahema, amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga ya mama. Akakiweka sakafuni kikalia. Bi Tatu akafungua. Lilikuwa sinia letu la shaba, lile la nyumbani, tulilokulia sote watatu na baba, lenye kibonyeo ukingoni pale Masoud alipoliangusha kisimani akiwa mtoto. Mama alikuwa amelitia kwenye begi la Haji kwa mikono yake, na ujumbe ulikuwa mmoja. Wanangu wakae, waingize mikono sinia moja, wale. Hakutaka kuombwa radhi na mtu wala kusikia nani alikosa. Akisikia tu kuwa wamekula sinia moja, amelala.

Unaijua desturi hii, usiniangalie hivyo. Kwetu suluhu haiandikwi. Watu wawili waliogombana wakishaingiza mikono sinia moja, na mkubwa akamega nyama akamsogezea mdogo upande wake, imekwisha. Asiyeweza kutamka samahani, mkono wake humsemea. Wanaume wetu wagumu wa maneno, mwanangu, na wazee waliliona hilo zamani wakawawekea sinia.

Bi Tatu akamtafuta Masoud. Masoud akazungusha maneno, mara ana kontena, mara ana wageni. Mwisho Bi Tatu akamwambia, "Mama yako amelituma sinia kilo nne kwa ndege, na wewe huwezi kutuma makalio yako kwa teksi?" Akakubali. Ikapangwa Ijumaa baada ya sala.

Siku hiyo Bi Tatu alipika yeye mwenyewe, pilau ya nyama ya mbuzi, na alikuwa akisoma dua anapokoroga. Ilipokaribia saa nane akakumbuka ndimu zimekwisha, na Haji hali pilau bila ndimu. Akajitanda ashuke. Mlangoni akageuka akaniambia, "Zuwena, wakifika pakua kwenye sinia la mama yenu. Moja tu. Tandika mkeka, waache, utoke." Nikamwambia vyema, Bi Tatu. Na kwa Mungu, nilipokuwa nasema vyema, sahani mbili nyeupe zilikuwa tayari zimepanguswa ziko kabatini zinaningoja.

Nilikuwa nimezinunua Alhamisi. Nimeamka alfajiri nimechonga ndege wawili wa figili, mmoja kila sahani. Nilikuwa nikijiambia nawafanyia heshima kaka zangu, lakini uongo huo sikuuamini hata siku ile. Nilitaka Haji aone. Nilitaka mtu aliyesema nitapata moshi akae mbele ya sahani ya hoteli kubwa, ajue mdogo wake si mwanamke aliyeachwa tu. Lile sinia lenye kibonyeo niliona litanirudisha uwani kwa mama na sanduku langu. Nikaliegemeza ukutani nyuma ya mlango.

Wakafika, Masoud kwanza, Haji nyuma yake kidogo. Mkeka sikutandika. Niliweka meza na viti viwili, kimoja huku na kingine kule, wakatazamana meza iko kati yao. Nikaleta sahani zangu. Pilau nimeifinyanga kwenye bakuli nikaipindua, imesimama. Nyama nimeikata vipande vyembamba nimeipanga kama upepeo. Kachumbari mafungu madogo matatu, ukwaju nimeuvuta kwa kijiko ukapinda vizuri, na theluthi nzima ya sahani iko tupu, nyeupe, inang'aa. Uma na kijiko pembeni. Yule ndege wa figili amekaa ukingoni anatazama juu. Zilikuwa nzuri, mwanangu, sitakudanganya. Mpaka leo sijapata kupanga sahani nzuri kama zile.

Haji alitazama mezani, kisha akatazama huku na huku chumbani. Sasa najua alikuwa anatafuta sinia. Hakuuliza, alikuwa mgeni, na mgeni hamuulizi mwenyeji chombo. Akasema bismillahi, akasogeza uma pembeni. Masoud naye akainamisha kichwa, anakula kwa ncha za vidole. Mimi nikachukua kamera yangu, ilikuwa imebaki picha chache kwenye filamu, nikasimama nyuma ya Masoud nipate sahani zote mbili kabla hawajazivuruga.

Nikiwa nimeweka jicho kwenye kamera nikauona mkono wa Haji. Amechukua kipande cha nyama, kile kinono cha juu, amekishika kwa vidole vitatu. Anauvusha mkono juu ya meza. Unakuja upande wa Masoud.

Mimi niliona sahani yangu inaharibiwa.

Sikusema kitu, afadhali ningesema. Nilimtikisia Haji kichwa, nikampungia kidole, hivi, hapana. Masoud ananipa mgongo na uso wake uko chini, hakuniona. Haji akaniona. Akanitazama, mkono uko hewani juu ya meza, kisha akaurudisha polepole, akaiweka ile nyama kwenye sahani yake mwenyewe. Nikapiga picha.

Alielewa nini, sitajua mpaka kiyama. Pengine alidhani namuonya kuwa Masoud hataki, kwamba mimi ninayekaa na Masoud najua yaliyo moyoni mwake, na namuepushia yeye aibu ya nyama yake kurudishwa. Naogopa ndivyo alivyodhani. Alikula matonge mawili zaidi, akanawa, akasema alhamdulillahi, akashukuru, akasema ana miadi na wauza daftari. Masoud akajibu salamu yake kwa kichwa. Bi Tatu alikutana naye kwenye ngazi, na ndimu mkononi.

Bi Tatu aliingia akaona meza, akaona viti, akaona sahani mbili, kila mmoja amekula robo. Akalitazama sinia nyuma ya mlango. Alimngoja Masoud aage aondoke, kisha akakaa kwenye kiti alichokuwa Haji. Hakunipandishia sauti, mama yule hakuwa mtu wa kelele.

"Zuwena," akaniambia, "watu walikuja na uwanja kati yao wa miaka mitatu. Wewe ukawaongezea meza."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia hata ahsante sikuipata, kazi yote ile, tangu alfajiri. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema Haji anaondoka Jumatatu, bado siku zipo, Jumapili yeye atapika tena, mimi niende hotelini kwa Haji leo hii, nimwambie kilichotokea kwa mdomo wangu, nimwite. "Nenda sasa hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta huuwezi."

Sikwenda, mwanangu. Kosa la sahani ningeweza kulisamehe, nilikuwa mjinga wa kitu kipya, na wajinga tuko wengi. Lakini Ijumaa ile yote nilinuna. Jumamosi nikanuna. Nilikuwa nangoja Haji ndiye apige simu asifu, walau aseme yule ndege alikuwa mzuri. Jumapili Bi Tatu aliweka nyama kwenye maji ya moto mapema akanitazama, nikasema kichwa kinaniuma. Jumatatu Haji akapanda ndege. Sinia akaliacha, hakuja kulichukua.

Siku hiyo ya Jumatatu nilishuka kwa shifu Liang, nikampelekea ndege wa tatu niliyemchonga, nipate walau sifa ya mtu mmoja. Akaniuliza wageni walikuwa nani. Nikamweleza kwa Kichina changu cha vipande, ndugu wawili, ugomvi, chakula. Akauliza kama nilivuta kiti chao nikakaa. Nikasema hapana. Mzee yule akamgeuza geuza ndege wangu, akampangusa vumbi kwa kidole gumba, akanirudishia. Akasema kwa maneno mepesi ili nielewe, kwamba sahani zile niliziandaa zinitazame mimi. Kisha akaendelea kumenya figili yake. Tangu siku hiyo hakunifundisha tena, na mimi sikumuomba.

Baada ya miezi mitano Haji alianguka dukani, anashusha maboksi ya daftari kutoka rafuni. Presha. Hakufika hospitali. Masoud safari hii alipanda ndege siku ile ile, akaacha kontena lake halijafungwa, na aliwasili siku ya tatu, kaburi limekwisha kukauka juu. Majuto ni mjukuu, watu husema, na mimi nakwambia mjukuu huyo hakui, hubaki mapajani anakulilia.

Nilirudi Unguja mwaka uliofuata, mama hawezi kitandani. Alinishika mkono. Maneno yake nitakupa kama yalivyo.

"Zuwena, wanangu waliingiza mikono sinia moja?"

"Waliingiza, mama."

"Nani alimmegea mwenzake?"

"Haji, mama. Haji alimmegea Masoud."

Akafumba macho akashukuru Mungu, na hakuuliza tena mpaka alipokufa. Wengine wataniambia nilimfanyia wema. Mimi nimekaa na wema huo miaka yote hii na bado unaniwasha. Sinia alilolituma lilikuwa limefungwa kwenye kanga ile ile chini ya kitanda changu, na halikuwahi kuguswa na tonge la wanawe.

Utadhani yamekwisha. Masoud akarudi nyumbani moja kwa moja, akaacha biashara ya China. Ikapita miaka kumi na zaidi. Idd moja amekaa barazani kwangu, tunazungumza ya zamani, akasema ghafla, bila hasira, "Unajua Zuwena, siku ile kwa Bi Tatu niliuona mkono wa Haji. Sikuinua uso, lakini niliuona unakuja. Kisha akaurudisha. Mpaka leo nalala nikijiuliza, moyo wangu ulikuwa mchafu kiasi gani hata ndugu yangu akashindwa kunipa kipande cha nyama."

Miaka yote ile alikuwa amebeba mzigo ambao ni wangu. Nikamwambia. Nilimweleza yote, kamera, kichwa nilichotikisa, kidole, na ile Jumapili niliyosema naumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unapiga picha," akasema.

"Nilikuwa napiga picha, kaka."

Akainuka akavaa viatu vyake. Masoud hakunikata, usije ukadhani. Kila Ijumaa anapita kunijulia hali, unamuona mwenyewe, babu yako Masoud na fimbo yake. Anaomba maji, anakunywa, ananiombea afya, anaondoka. Umewahi kujiuliza kwa nini hali kwangu? Wewe ulidhani ni sukari. Tangu Idd ile hajatia tonge langu mdomoni. Hanigombezi wala hanisemi kwa watu. Angenigombeza ningepumua.

Picha ninayo. Iko ndani ya msahafu wa mama, nenda kaichukue ukitaka. Utaona sahani mbili nzuri sana. Kona moja ya juu utaona kifundo cha mkono na saa ya Haji, basi, na hiyo ndiyo picha yake ya mwisho niliyopiga. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilikuwa nikiliimba neno hilo kwenye taarabu nikipiga makofi, sikujua linanisema mimi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sitaipamba. Kajifunze. Ufundi ule si mbaya, na mzee aliyenifundisha hakukosea hata mahali pamoja. Chakula kilichopangwa vizuri humpa mgonjwa hamu, humpa mgeni heshima. Lakini kabla hujagusa sahani, uliza wanaokula ni nani na wamekuja kufanya nini. Wengine wamekuja kushiba. Wengine wamekuja kuzika ugomvi, na hao ukiwapa sahani mbili umewazika wenyewe. Vuta kiti chao ukae hata kama hakuna anayekutazama. Ukiona sahani inakutazama wewe, imwage uanze upya, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizowahi kupanga. Ukipewa agizo na mkubwa ukasema vyema, basi iwe vyema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo wanasema, lakini mimi guu langu zima, waliovunjika ni wenzangu, na hilo ni chungu zaidi.

Na la mwisho, ambalo nakusihi kuliko mengine. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Usingoje kusifiwa kwanza. Usinune. Mimi nilikuwa na Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili, na ngazi za hoteli zilikuwa chache kuliko za kwetu. Siku tatu zilinitosha kurudisha kaka wawili, nikazitumia kuuma midomo.

Ukiondoka leo ingia chumbani, chini ya kitanda, ulitoe sinia. Lishike kwa mikono miwili, lina uzito. Ukalisugue kwa ndimu na jivu, uende nalo kwa Masoud na pilau yako uliyopika wewe, si mimi. Tandika mkeka. Ingizeni mikono. Ukipata kipande kinono mmegee, yeye ni mkubwa lakini wewe anza. Usimwambie nimekutuma, na kama akijua mwenyewe kwa kuona kile kibonyeo, mwache anyamaze, usimharakishe.

Haya, Mungu akubariki, mwanangu. Aitie mikono yako ufundi na moyo wako unyenyekevu wa kuubeba. Akujaalie watu wa kula nao ukiwa na chakula, na chakula ukiwa na watu. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mguu mwepesi wa kwenda kuomba radhi kabla ndege haijaruka. Wala asikujaalie kamwe kuulizwa na mama yako swali ambalo jibu lake la kweli huwezi kumpa. Amina. Nenda sasa, karoti tutachonga kesho.